Bi Jicho na Roshani ya Bi Zuwena

Siku mliyoniaga kazini mliniletea keki yenye umbo la penseli, mkaniomba niandike kidogo habari za miaka yangu katika chumba cha kuchorea. Keki niliimaliza na wajukuu jioni ile ile. Maandishi yamechelewa, kwa sababu kila nikishika penseli niandike, mkono unageuka na kuanza kuchora dirisha la jirani. Mtanisamehe. Mkono uliozoea kazi moja haujui kustaafu.

Vyeo na mishahara nitavipita, maana ndivyo navyo vilivyonipita mimi. Nitakachoeleza hasa ni habari ya kile kifungo cheusi kilichopo juu ya dirisha la katikati la roshani ya Bi Zuwena, kule Kiponda. Nimewasikia waongoza watalii wakikielezea. Mmoja husema kilikuwa cha kutundikia taa. Mwengine husema ni alama ya tajiri wa zamani. Wa tatu, ambaye ndiye nimpendaye, husema ni jicho la jini mlinzi, na wageni wake huondoka wamefurahi kuliko wa wenzake. Wote watatu husema kwa uhakika. Ukweli ninao mimi, na ndani yake mna karibu kila nilichojifunza kuhusu kukaa mbele ya kitu na kukichora kama kilivyo.

Nimezaliwa Bububu. Mama yangu alikuwa akishona kofia za viua, zile za mkono zenye matundu madogo madogo yaliyozungushiwa uzi. Kabla ya kushonwa, kitambaa huchorwa kwa penseli, na kazi hiyo alinipa mimi tangu nikiwa skuli. Nilichora maua, nyota na mawimbi, upande wa kulia nikiurudia upande wa kushoto, bila ya kutazama mahali popote. Kofia ni kitu cha kichwani kwa maana zote mbili: huvaliwa kichwani, na hutoka kichwani. Kwa mkono huo nikapata kazi katika ofisi iliyokuwa ikishughulikia majumba ya kale ya Mji Mkongwe. Badala ya vyeti vingi nilipeleka kofia mbili. Mkubwa alizigeuza geuza, akajaribu moja, akanielekeza chumba cha ndani kwa Mzee Mbarouk.

Mzee Mbarouk ndiye aliyekuwa mchoraji wa ofisi. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi vizuri na vidole vyeusi. Hakupata kusema penseli. Alisema kalamu ya risasi, kama wazee wake, na wakati mmoja alizuiwa bandarini asubuhi nzima kwa sababu askari alimuuliza mkobani mna nini, naye akajibu kwa ukweli, "Risasi tu, chache." Pemba aliifikia siku ya pili.

Asubuhi yangu ya kwanza alinipokonya raba akaitia mfukoni mwa kanzu. "Mstari ukikosea uache," alisema, "uchore wa pili kando yake. Ule wa kwanza utakuonesha ulipodanganyika." Kisha akanionesha kuchonga kwa wembe. Kichongeo alikiita mashine ya kutafuna. Ncha aliitaka ndefu kama mwiba wa mndimu, na mbao yake imeteremka taratibu, ili unapochora usiuone mkono wako ila uione ncha. Nilijikata kidole cha shahada, nikafunga kitambaa, nikaendelea. Baada ya hapo akanituma Kiponda. "Kuna nyumba ina roshani ya mbao. Kaa baraza ya mbele yake, uichore mpaka nije."

Hakuniambia neno jengine. Alidhani mtoto aliyelelewa Unguja halihitaji.

Nikaiona roshani. Ilikuwa imetokeza juu ya uchochoro, imebebwa na mikono ya mbao iliyochongwa majani, ina madirisha matatu yenye vimiani, vile vifuniko vya wavu wa mbao, na juu yake ubao wa nakshi kama ukindu uliosukwa. Sikuwahi kutazama kitu vile maishani mwangu. Nilikaa nikaikodolea macho, mdomo wazi, tangu asubuhi mpaka jua likaingia uchochoroni. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini roshani ile ilikuwa nalo, na nyuma ya vimiani vyake kulikuwa na mtu anayenitazama mimi kama nilivyokuwa nikiitazama nyumba yake. Hilo sikulijua.

Karibu na adhuhuri, kipande cha chokaa kikubwa kama mkate wa mofa kilibanduka chini ya roshani, kikaangukia katikati ya ungo wa mchele uliokuwa mlangoni ukingoja kupetwa. Dirisha likafunguka. Akatokea mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, uso mkali.

"We mtoto wa nani?"

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Nnakuuliza wa nani."

"Wa Bi Mwanajuma, wa Bububu."

"Basi kamwambie Bi Mwanajuma wa Bububu, mwanawe keshaitia jicho nyumba yangu. Tangu asubuhi nnakuona umekodoa tu, hata Mashaallah hukusema. Nyumba tangu babu yangu haijadondoka kitu. Umekuja wewe leo, imedondoka."

Nilitaka kumwambia kwamba pale chini palikuwa na ufa wa siku nyingi, na kwamba nilikuwa nishauchora. Nikaona huo si wakati wake. Mama alinifundisha kusema Mashaallah, bila shaka. Usipoisema ukasifu kitoto cha mtu, au nywele za mtu, au hata sufuria la pilau lililopikika vizuri, utakuwa umeacha jicho lako hapo. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba na nyumba nayo inasemewa.

Mzee Mbarouk alinikuta nakusanya chokaa ndani ya mchele. Alichukua karatasi yangu kwanza. Upande wa kulia wa roshani niliurudia upande wa kushoto, ua kwa ua.

"Kofia nzuri," alisema. "Ntaivaa Idi. Sasa nichoree nyumba."

Nilipomweleza habari ya jicho alicheka mpaka akakaa chini na kanzu yake nyeupe. Halafu akawa mtu wa kazi tena. "Umekaa mbele ya mali ya mtu kama mdai," aliniambia. "Ukikaa, sema. Tena sema kwa sauti, wakusikie walio juu." Kufikia asubuhi ya pili, wauza kahawa wote wa Kiponda mpaka Mkunazini walikuwa wakiniita Bi Jicho. Nyinyi mmeniita hivyo miaka yote hii, na wengi wenu mlidhani ni kwa sababu nachora vizuri. Sikuwasahihisha.

Basi nikaanza kusema. Mwanzo nilisema kwa kuogopa watu. Kila nilipofika mbele ya mlango, ngazi au kidaka cha ukutani, nilisema Mashaallah ya kusikika, ndipo nikafungua mkoba. Baada ya muda niligundua kwamba neno lile linafanya kazi ambayo hakuna wembe unaoweza kuifanya. Ukishalitamka, inakubidi utafute unalolisemea. Jicho linashuka kutoka kwenye nyumba nzima mpaka kwenye kitu kimoja: bawaba iliyolika upande mmoja, kizingiti kilichobonyea palipokanyagwa na vizazi. Dirisha la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia, kwa sababu fundi wa zamani naye alikuwa na siku zake. Kofia haina siku mbaya. Nyumba inazo, na hizo ndizo zinazoifanya iwe nyumba hii na si ile. Siku nilipouchora ukuta wa kwanza uliopinda ukapinda kweli kweli kwenye karatasi, nilifurahi hata nikampa muuza kahawa auone. Akasema umepinda. Nikamshukuru kama niliyepewa zawadi.

Mengine niliyojifunza ni madogo, na naona hamyafanyi, kwa hiyo nayaandika. Weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja, maana jasho letu halina heshima. Wakati wa masika karatasi hulainika kwa unyevu, na penseli ngumu huichana. Chukua laini, na mkono uwe mwepesi. Nyoosha mkono wako wote unapopima kwa penseli na kidole gumba, kwani ukikunja kiwiko leo na kesho usikikunje, nyumba itakua na kupungua. Tundika timazi, ile kamba yenye uzito, hata kama unajiamini. Na tazama zaidi kuliko unavyochora. Mzee Mbarouk alikuwa akisema macho yawe nyumbani kwa watu, karatasini yarudi kulala tu.

Siku aliyostaafu aliitoa raba yangu mfukoni, akanikabidhi mbele ya watu. Ilikuwa imegeuka jiwe. "Nlikuwa nakuwekea," alisema. Ninayo mpaka leo, naizuilia karatasi upepo usizipeperushe.

Baada ya hapo mimi nikawa mchoraji wa ofisi, na Kiponda nilipita mara nyingi nimeinamisha kichwa. Bi Zuwena, ndilo jina la yule mwanamke wa dirishani, hakunisahau. Nikipita alikuwa akifunga vimiani, na nilivisikia vikifungwa kimoja kimoja.

Ndipo mchwa wakaingia kwenye mikono ya mbao. Roshani ikaanza kuinama kuelekea uchochoroni. Ofisi ikaamua ishushwe kabla ya masika na ijengwe upya, na kazi akapewa fundi Makame, seremala ambaye mkono wake niliuheshimu kuliko wa mtu yeyote mjini. Fundi Makame akaja chumbani kwangu, akavua kofia, akakaa.

"Mie naweza kurudisha kila ua," alisema. "Lakini nipe mchoro. Mbao zile zishaliwa, nikizigusa zitakuwa unga. Hapana mchoro, ntatia mbao kavu zisizo nakshi na dirisha la kisasa. Siwezi kukumbuka kitu ambacho hakuna aliyekitazama."

Picha zilikuwepo, lakini uchochoro ule ni mwembamba. Ukipiga picha kutoka chini, unapata matako ya roshani na kipande cha mbingu. Mchoro wangu wa siku ya kwanza nao ulikuwa kofia. Ilibidi mtu aingie ndani, akae kwenye roshani yenyewe, achore kila kimiani kwa ndani na kwa nje. Mtu huyo alikuwa mimi. Mzee Mbarouk mkono wake ulishaanza kutetemeka, na mwengine hatukuwa naye.

Bi Zuwena akaleta jibu: aje yeyote, si yule mwenye jicho.

Nataka mfahamu kilichokuwa kikimponyoka. Alizaliwa katika nyumba ile. Mumewe alishafariki, wanawe walikuwa Muskati, na magoti yake yalikuwa hayamruhusu tena kushuka ngazi zile ndefu za mawe. Ulimwengu wake ulikuwa ni vile vimiani. Hapo ndipo aliposikiliza nani kaoa, nani karudi safari, samaki gani kashuka leo. Dirisha la kisasa la mbao kavu lingemfungia ndani, au lingemweka wazi mbele ya kila mpita njia, na kwake hayo mawili yalikuwa sawa. Nilijua hivyo, na nilitaka kuiokoa roshani ile kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote kazini. Nilitaka pia aache kunifungia vimiani. Hilo lilikuwa langu mwenyewe.

Nikaenda kupiga hodi. Hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Desturi inasema ya tatu ikikosa jibu urudi, nikarudi. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu msichana wake wa kazi akachungulia mlangoni, uso umemshuka kwa haya.

"Bi mkubwa anasema hayupo."

"Mwambie nimesikia," nikasema, "na akirudi unisalimie."

Nikaenda kulalamika kwa Mzee Mbarouk nyumbani kwake. Akanisikiliza, akamimina chai. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. "Wewe umeinama?" Nikamwambia nimeinama mpaka mgongo unauma. "Basi huenda hujainama penyewe." Msaada wake wote ukawa huo, na chai.

Siku iliyofuata yaya hakuja, nami sikuwa na mtu wa kumwachia Salma, binti yangu, aliyekuwa hajaanza hata kukaa. Nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikaenda naye. Sikupiga hodi. Nilisimama tu uchochoroni, nikasema Mashaallah kwa sauti, nikaitazama roshani iliyoinama, na moyo wangu ukauma kama naagana na mtu. Kimiani kikafunguka.

"Huyo mgongoni nani?"

"Mwanangu, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Nani kampaka wanja?"

Salma alikuwa na doa la wanja kwenye paji la uso, kama watoto wetu wote, ili uzuri wake upungue kidogo na jicho la mtu lisimdhuru.

"Nimempaka mie."

"Umempaka kombo. Mlete."

Ngazi zile nilizipanda haraka kuliko ninavyozipanda leo. Bi Zuwena alimchukua mtoto, akamweka mapajani, akamfuta lile doa kwa ncha ya mtandio, akachukua kijiti cha wanja akampaka jengine mahali pake. Hakunitazama mimi.

"Wewe mwenye jicho mwenyewe," alisema, "unampaka mwanao wanja umkinge na nani?"

Nikamjibu lililokuwa kweli, kwani sikuwa nimetayarisha jengine. "Na mimi, Bi. Ninavyomtazama huyu, hapana mtu ulimwenguni anayemtazama hivyo. Jicho langu naliogopa kuliko macho ya watu wote."

Salma akamshika kidole.

"Na nyumba yangu, siku ile, ulikuwa ukiitazama hivyo?"

"Nilikuwa nikiitazama hivyo hivyo."

"Basi ichore," alisema. "Lakini ukishaimaliza hutoki nayo hivi hivi. Na yeye, huyo wa karatasini, ntampaka wanja."

Siku zile nilizokaa kwenye roshani ya Bi Zuwena ndizo nilizofurahi kuliko zote katika kazi hii. Mimi nilikaa kwenye mkeka na ubao wangu wa kuchorea, yeye akakaa kwenye kiti na mwanangu. Alikuwa hajui kuchora hata fimbo, lakini alinisimamia kama mhandisi. "Ua la tatu lina jani lililovunjika, usilitengeneze. Nililivunja mie, nilikuwa mdogo, na fimbo niliyopigwa naikumbuka. Liache." Nikaliacha. Akanionesha kimiani kilichotobolewa kikawa kipana kidogo, ambapo mamake alipitisha kamba ya kikapu kununulia maandazi bila ya kushuka. Nikakichora. Kila alipopita mtu chini tulinyamaza, tukamsikiliza, akishapita akanieleza ni nani, na babake nani, na kwa nini wasisemezane na jirani. Mchoro wa nyumba ulikwenda polepole, lakini habari za mtaa nilizijua zote.

Nilipomaliza akaitandaza karatasi kubwa juu ya mkeka, akaitazama mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akachovya kijiti, akakandamiza doa jeusi la wanja juu ya dirisha la katikati, mahali ambapo paji la uso lingekuwa kama nyumba ingekuwa na uso.

"Haya," alisema. "Sasa amekuwa mbaya kidogo. Mpeleke."

Nikampeleka. Nikaukabidhi mchoro ofisini, na kesho yake alfajiri nikatumwa Jambiani, Salma mgongoni, kuchora msikiti wa zamani uliokuwa ukibomoka. Kule wanawake wanaolima mwani baharini walikuwa wakipumzika kivulini mwa ukuta nilioutaka. Mmoja akaniambia nianze na wao, kwani ukuta hauendi popote na wao maji yakitoka wana kazi. Nikamchora ameinama anafunga mwani kwenye kamba. Alipouona mgongo wake kwenye karatasi akasema, "Kumbe ndo maana unauma," na wenzake wakacheka mpaka imamu akatoka kuangalia kuna nini. Kazi iliyokuwa ya siku chache ikawa ya majuma mengi, kwa sababu ya mvua, na kwa sababu, nitasema ukweli, sikuwa na haraka.

Niliporudi mjini nilipitia Kiponda kabla ya kwenda nyumbani. Majukwaa yalishaondolewa. Roshani ilikuwa imesimama, mpya, imenyooka, mbao zake bado zina harufu. Jani lililovunjika lilikuwa limevunjika. Kimiani kipana kilikuwa kipana. Na juu ya dirisha la katikati, katikati ya ubao wa nakshi, kulikuwa na kifungo cheusi cha mviringo, kinang'aa.

Fundi Makame alikuwa akikusanya vyombo vyake, kidevu juu.

"Kila kitu kama ulivyokiona wewe," alisema. "Hicho kifungo tu kimenisumbua. Mbao nyeusi hivyo sikuwa nayo, nimetafuta mpingo mpaka kwa mjomba wangu Makunduchi. Nimekichonga, nimekigongomelea na kigingi. Hakitoki mpaka kiama."

Nikashika ukuta. "Fundi, lile lilikuwa doa."

"Doa gani? Mchoro wa Bi Jicho hauna doa. Watu wote wanasema, akikichora, kipo."

Kwa sifa hiyo nikajiona nimekwisha. Bi Zuwena alikuwa bado hajakiona, maana kutoka ndani hakionekani, na mimi nilikuwa nimeupa mtaa mzima sababu ya kuamini kwamba nikigusa nyumba yake lazima iharibike. Nikapanda kumwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na wapita njia. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso hauna habari.

"Nishushe," alisema.

"Magoti yako, Bi."

"Nimesema nishushe."

Tukashuka, mkono wake begani kwangu, ngazi moja, pumziko, ngazi moja. Chini, watu wa uchochoroni walisimama walipomwona, kwani wengine walikuwa wakiijua sauti yake tu. Nikamkalisha kwenye baraza ya mbele, pale pale nilipokaa mimi siku ya kwanza. Akainua uso. Fundi Makame akavua kofia. Mimi nilikuwa nikiomba kimya kimya.

"Nani kampaka?" aliuliza.

"Mie, Bi," akasema fundi.

"Kwa wanja gani?"

"Mpingo."

Bi Zuwena akaanza kutikisika mabega. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na alipokwisha kucheka ndipo alipolia kidogo, akajifuta kwa mtandio. "Wangu mie ungefutika kwa mvua ya kwanza," alimwambia fundi. "Wako haufutiki. Kiacheni hapo hapo."

Hakutaka kurudi juu. Alikaa pale mpaka Alasiri ikaadhiniwa, akanywa kahawa, akaitazama roshani aliyokaa ndani yake umri wake wote. Mtoto wa kike wa nyumba kama ile hakuwa akikaa barazani kutazama juu. Alikaa juu, akatazama chini. Mwishowe akanigusa goti.

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa ukiiona," alisema.

"Ndivyo, Bi."

"Basi ulikuwa na haki ya kukodoa."

Toka siku hiyo sikusikia tena vimiani vikifungwa.

Miaka ya mwisho mnaijua, mlikuwepo. Kilikuja kile chombo cha miale kinachopima ukumbi mzima kabla mtu hajamaliza andazi. Nilikipenda, na nilikipenda zaidi nilipojua kwamba sitabeba ngazi tena. Kitumieni. Lakini kabla ya kukiwasha, kaeni kidogo na penseli mbele ya nyumba. Mchoro huo hata msipoupeleka popote, mtakuwa mmeshajua ni nyumba ya nani.

Sasa nakaa kwa Salma, Fumba, kwenye zile nyumba mpya. Ni nzuri, na zote ni kofia: upande wa kulia unaurudia wa kushoto. Hata hivyo nazichora. Jirani yangu keshaning'iniza kikapu cha vitunguu kwenye dirisha moja, na nyumba imeanza kuwa na siku zake.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini, miguu ikanipeleka Kiponda. Nikakaa kwenye baraza ile ile, nikatoa ubao na penseli niliyoichonga kwa wembe. Nilisema Mashaallah yangu, lakini siku hizi naisema kwa sauti ya mtu mzima, ya chini. Nikaanza na kifungo. Mara ya kwanza kilikuwa kwenye karatasi na hakikuwa kwenye nyumba. Sasa kipo, na kilichopo huchorwa. Nikawa nimeshafika kwenye jani lililovunjika kimiani kilipofunguka, ukatokea mkono mwembamba, kisha uso wa Bi Zuwena, mdogo kuliko nilivyouzoea.

"Nani huyo?"

"Mie, Bi Zuwena. Shikamoo. Bi Jicho."

"Marahaba. Umeshasema?"

"Nshasema, Bi."

"Mie sijasikia. Masikio yangu yamekwenda. Sema tena."

Nikaweka penseli chini, nikasimama katikati ya uchochoro, nikasema Mashaallah kwa sauti yangu yote, hata muuza kahawa akageuka na birika lake.

"Haya," akasema Bi Zuwena, akavifungua vimiani vyote vitatu. "Tazama sasa."